Skrini Inaposema na Msemaji Akanyamaza: Tahakiki ya Uwasilishaji wa Makala katika Makongamano ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna watafiti wa Kiswahili katika Afrika Mashariki wanavyowasilisha kazi zao makongamanoni, kwa mdomo na kwa slaidi. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa mawasilisho yetu unatokana zaidi na kuhamisha muundo wa tasnifu na kuupeleka ukumbini bila kuugeuza, kuliko woga wa msemaji au uduni wa vifaa. Makala yanatumia mifano mitatu: slaidi ya wahandisi iliyochunguzwa baada ya ajali ya chombo cha anga Columbia mwaka 2003, hotuba mbili katika tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Julius Nyerere, na hotuba ya Joaquim Chissano mbele ya Umoja wa Afrika mwaka 2004. Mifano hiyo inapimwa kwa mahitaji ya hadhira ya Rubavu, ambako wasikilizaji wa kikao kimoja huweza kuwa na lugha za kwanza tofauti. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watafiti, waandaaji wa makongamano na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2017 Rwanda ilitunga sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, sambamba na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Julai mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hatua hizi zimeongeza vikao ambamo mtafiti wa Kiswahili anaombwa aeleze alichokigundua. Ustadi wa kueleza haujaongezeka kwa kadiri hiyohiyo.

Suala hili si la urembo wa kitaaluma. Mshauri wa sera anayehudhuria kongamano kwa siku mbili hasomi makala yote yatakayochapishwa. Anasikiliza, anaandika mambo machache katika daftari lake, na kile alichokiandika ndicho kinachofika wizarani. Utafiti usiosikika siku ile huweza kukaa miaka mingi katika juzuu bila kumfikia mtu mwenye mamlaka ya kuutumia. Uamuzi kuhusu ufundishaji, tafsiri au mawasiliano ya mpakani utafanywa vilevile, ila utafanywa bila huo utafiti.

2.0 Muundo wa Wasilisho la Kawaida

Katika makongamano mengi ya ukanda huu, mtoa mada hupewa dakika 20: 15 za kuwasilisha na 5 za maswali. Tufuate jinsi dakika hizo 15 zinavyotumika. Kwanza huja salamu. Msemaji anaweza kutaja vyeo vya waliokaa mbele mmoja baada ya mwingine, kisha akamalizia kwa kusema itifaki imezingatiwa, ilhali fungu hilo la maneno lilibuniwa ili kuepusha orodha hiyo. Baada ya salamu huja slaidi ya mada, slaidi ya mpangilio wa wasilisho, usuli, tamko la tatizo, lengo kuu, malengo mahususi, maswali ya utafiti, umuhimu wa utafiti, nadharia pamoja na mwasisi wake na mihimili yake, eneo la utafiti, sampuli na mbinu. Kila slaidi ina aya nzima, na kila aya inasomwa kwa sauti, msemaji akiwa ameigeukia skrini na kuipa hadhira mgongo.

Inapofika dakika ya 12, mwenyekiti wa kikao anainua kikaratasi. Hapo husikika kauli tunayoijua sote: kwa sababu ya ufinyu wa muda, nitaziruka slaidi hizi. Slaidi zinazorukwa ni za matokeo. Hadhira iliyokuja kusikia kilichopatikana inaondoka ikijua ni nani aliasisi nadharia.

Hesabu peke yake inatosha kuonyesha kwamba jambo hili haliwezi kufaulu. Msemaji akitamka maneno 100 kwa dakika, dakika 15 zinampa maneno 1500. Makala ya maneno 5000 hayaingii katika nafasi hiyo, hata yakikatwa vipande na kubandikwa kwenye slaidi 30. Anayejaribu kuyaingiza analazimika ama kukimbia ama kukatizwa, na mara nyingi hupatwa na yote mawili.

Chanzo cha muundo huu kinafahamika. Wengi wetu tulifundishwa kuzungumza kitaaluma mara moja tu, siku ya kuitetea tasnifu. Mbele ya jopo la watahini, mpangilio ule una mantiki, kwa kuwa jopo linataka kujua iwapo mtahiniwa ameimudu taaluma, kwa hiyo ni haki aonyeshe kila hatua aliyoipitia. Hadhira ya kongamano haimtahini mtu. Inadhani tayari kwamba msemaji anastahili kusimama pale, na inamuuliza swali moja tu: umegundua nini, na kinatuhusu vipi? Kulijibu swali hilo kwa utaratibu wa siku ya utetezi ni kumjibu mtu ambaye hayumo ukumbini.

3.0 Slaidi kama Mahali pa Kuficha

Mwaka 2003 Edward Tufte, mtaalamu wa Marekani wa uonyeshaji wa takwimu, alichapisha kijitabu cha kuihakiki programu ya PowerPoint, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1987. Uchambuzi wake mashuhuri zaidi unahusu slaidi moja. Chombo cha anga Columbia kilipokuwa bado angani, wahandisi waliwaeleza wakubwa wa shirika la NASA hatari ya kipande cha povu la kuhami joto kilicholigonga bawa wakati wa kuruka. Tarehe 1 Februari 2003 chombo hicho kilisambaratika kikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Bodi iliyoichunguza ajali hiyo iliutumia uchambuzi wa Tufte katika ripoti yake, na ikalaumu mazoea ya kutumia slaidi badala ya ripoti za kiufundi.

Slaidi ile haikusema uongo. Kichwa chake kiliegemea upande wa kutuliza nyoyo. Chini yake vilipangwa vidokezo, na chini ya vidokezo vikapangwa vidokezo vidogo zaidi. Katika mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo lilipowekwa jambo zito: kipande kilichokadiriwa kuligonga bawa kilikuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1920, ilhali majaribio yaliyotegemewa yalihusu kipande cha inchi za ujazo 3. Tofauti hiyo ni ya mara 640. Maana yake ni kwamba majaribio yale hayakuweza kuwaambia wakubwa lolote la uhakika. Tufte alionyesha pia jinsi neno moja lenye maana ya “kikubwa” au “cha kutia maanani” lilivyorudiwarudiwa bila kueleza ni kikubwa kwa kipimo gani.

Mhakiki wa mawasilisho ya Kiswahili hana budi kuitambua sura hiyo. Sisi tuna maneno yetu yanayofanya kazi ileile. Tuichukue slaidi ya mfano yenye kichwa “Matokeo” na vidokezo vitatu: athari za lugha ya kwanza zilibainika, changamoto za kifonolojia zilionekana kwa kiasi kikubwa, walimu wanakabiliwa na changamoto mbalimbali. Sentensi hizi ni sanifu na hazina kosa la sarufi, lakini hazina habari. Athari zipi? Zilibainishwa na nani, kwa akina nani? Kiasi kikubwa kikilinganishwa na nini? Neno “changamoto” limegeuka kapu ambalo kila tatizo linatupwa humo ili lisitajwe jina. Viambishi vya kutendeka, “zilibainika” na “zilionekana”, vinamwondoa mtafiti katika kazi yake mwenyewe. Aliyekwenda darasani akasikiliza na kuandika hayumo. Yamebaki mambo yaliyojibainisha yenyewe.

Hapa slaidi imegeuka pazia. Msemaji anapoisoma, haelezi zaidi ya ilivyoandikwa, kwa sababu kuisoma kunampa hisia kwamba ameeleza. Anayedhurika ni msikilizaji, ambaye amesikia na kusoma kwa pamoja kitu kisicho na umbo.

4.0 Sababu na Ushahidi: Somo kutoka Juliasi Kaizari

Fasihi ya Kiswahili ina kielelezo kizuri cha hotuba mbili zinazoshindania hadhira moja. Julius Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaisari wa Roma mwaka 1963, na akaitoa upya ikiwa imerekebishwa mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Katika tendo la tatu, Brutus anawaeleza wananchi kwa nini yeye na wenzake wamemuua Kaizari. Hotuba yake ni fupi, ina mpangilio, na inajengwa juu ya sababu. Wananchi wanamkubali. Baada ya hapo anafanya jambo tunalolifahamu vizuri makongamanoni: akiisha kusema, anaondoka. Antony anabaki na ukumbi wote.

Antony hatoi orodha ya sababu. Anaonyesha vitu. Ana wosia mkononi, anautaja, kisha hausomi mpaka wananchi wenyewe wautake. Anateremka kutoka jukwaani na kuwaomba wauzunguke mwili. Analionyesha joho la marehemu, tundu baada ya tundu, kisha analiondoa ili mwili uonekane. Kila kitu kinaonyeshwa wakati wake, na maneno yake ndiyo yanayokipa maana. Joho lile bila sauti ya Antony ni nguo iliyotoboka tu, na sauti yake bila joho ingekuwa madai matupu. Huo ndio uhusiano unaotakiwa baina ya slaidi na msemaji. Slaidi ilete ushahidi ambao sauti haiwezi kuuleta, na sauti ieleze ushahidi ambao hauwezi kujieleza.

Ni kweli kwamba Antony ni mchochezi. Hotuba yake inaishia kwa fujo na mauaji, na hakuna mtafiti anayepaswa kumfuata katika nia yake. Hata hivyo, kumkataa Antony hakutulazimishi kumwiga Brutus, ambaye alidhani kuwa na haki kunatosha na hakubaki ukumbini kusikia alivyoeleweka. Mtafiti anahitaji uaminifu anaoudai Brutus, na anahitaji pia kujua kwamba watu hukiamini zaidi kile walichokiona kikifunuliwa mbele yao.

Rwanda haina haja ya kwenda Roma kutafuta somo hili. Katika sherehe ya gusaba, wasemaji wa familia mbili hupambana kwa maneno mbele ya wazee. Msemaji hasomi karatasi. Anamsikiliza mwenzake, anaikamata hoja yake, anairudisha ikiwa imegeuzwa, na hadhira inapima papo hapo. Kijana aliyekulia katika utamaduni huo, au katika baraza na mawaidha ya pwani, anaingia chuo kikuu akiwa tayari ameona ufasaha. Inasikitisha kwamba miaka yake ya masomo humfundisha kuuacha mlangoni na kusoma skrini.

5.0 Ukumbi wa Rubavu

Ushauri unaosambazwa duniani kuhusu slaidi ni kwamba maneno yapunguzwe. Una msingi wa kisayansi. Richard Mayer na wenzake wameonyesha katika majaribio ya saikolojia ya ujifunzaji kwamba kuonyesha maandishi yaleyale yanayotamkwa, hasa pamoja na picha, huweza kupunguza uelewa, kwa kuwa jicho na sikio hugombea kazi moja. Lakini Mayer mwenyewe anaiwekea kanuni hiyo mipaka, na mmojawapo unatuhusu moja kwa moja: wasikilizaji wasiosikiliza katika lugha yao ya kwanza huweza kusaidiwa na maandishi.

Rubavu iko ndani ya mpaka huo. Ukumbi wa hapa unaweza kuwa na Mnyarwanda aliyesoma kwa Kifaransa kabla ya mageuzi ya mwaka 2008, mwenzake aliyesoma kwa Kiingereza baada yake, mgeni wa Dar es Salaam au Nairobi, na mzungumzaji wa Goma ambaye Kiswahili chake cha kila siku kina “batu” pale ambapo sanifu ina “watu”. Wote wanakijua Kiswahili, ila hawakisikii kwa kasi moja. Kuwanyima maandishi kabisa, kwa kufuata mtindo wa kumbi za watu wa lugha moja, ni kuwaacha baadhi yao njiani. Kuwajazia aya nzima ni kuwaacha wote.

Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa hapa ni maneno yapi yaandikwe. Idadi yake inafuata baadaye. Ninapendekeza mambo matatu. La kwanza ni istilahi mpya, iandikwe mara moja inapotajwa kwa mara ya kwanza, ili aliyeisikia vibaya aione. La pili ni tarakimu. Katika Kiswahili cha Kongo ya Mashariki ni kawaida kutaja bei na miaka kwa hesabu za Kifaransa, na msikilizaji aliyezoea hivyo huchelewa kidogo anaposikia “elfu mbili na kumi na saba”. 2017 ikiwa mbele yake, analisoma kwa lugha aitakayo. Hata saa zinahitaji kuandikwa: mgeni wa Nairobi ana tofauti ya saa moja na Gisenyi, na aliyezoea hesabu ya Kifaransa huweza kuisikia “saa mbili” tofauti na anavyoisikia Mswahili. La tatu ni data yenyewe ya lugha.

Tuirejee slaidi ya changamoto za kifonolojia. Katika Kinyarwanda, l na r hazitofautishi maana, na kitenzi kurara, chenye maana ya kupitisha usiku, kiko karibu sana na kulala. Kwa mwanafunzi Mnyarwanda, mkanganyo wa sauti hizi mbili ni matokeo ya mfumo alio nao tayari, wala si uzembe. Slaidi yenye maneno mawili tu, mahali na mahari, ingetosha. Msemaji anayatamka, anaiomba hadhira iyatamke, kisha anaeleza kwamba mwanafunzi aliyekusudia kuuliza mahali pa mkutano ameuliza mahari ya mkutano. Mshauri wa mitaala aliyeisikia tofauti hiyo kwa masikio yake hatahitaji kuambiwa kwamba kitabu kilichoandikwa kwa wanafunzi wa nchi nyingine hakitoshi hapa. Vidokezo vile vitatu vya awali visingeweza kumfikisha huko.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi nje ya ukumbi. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma, na tarehe 17 mwezi huo Shirika la Afya Duniani likautangaza mlipuko wa mashariki mwa Kongo kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Kwenye mpaka wa Rubavu na Goma, unaovukwa kila siku na umati wa wafanyabiashara wadogo, maelezo mafupi yenye kueleweka yalikuwa kinga. Mtafiti mwenye matokeo kuhusu lugha na msamiati unaoeleweka mpakani ana jambo ambalo ofisa wa afya analihitaji kabla ya mlipuko mwingine. Akilizika katika slaidi ya 24, ofisa huyo hatalipata.

6.0 Kitendo cha Kusema kama Hoja

Joaquim Chissano, Rais wa Msumbiji, alipohutubia mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa mwezi Julai 2004, alizungumza kwa Kiswahili. Ukumbi haukuwa umejiandaa kwa lugha hiyo. Hakuhitaji kutoa orodha ya faida za Kiswahili, kwa sababu kitendo chenyewe kilikuwa hoja.

Kinyume chake huonekana makongamanoni kwetu. Msemaji anatetea kwa Kiswahili uwezo wa Kiswahili kubeba taaluma, huku majedwali nyuma yake yameandikwa kwa Kiingereza kwa kuwa yalinakiliwa kutoka katika tasnifu. Kinywa kinasema lugha inatosha, na skrini inasema haitoshi. Mshauri wa sera aliyekuja na shaka ataiamini skrini.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba istilahi hazipo. Kwa baadhi ya fani hilo lina ukweli, lakini vichwa vya majedwali yetu kwa kawaida ni umri, jinsi, idadi, asilimia na eneo. Hayo hayajawahi kukosa majina. La pili ni kwamba kulalamikia uwasilishaji ni kuthamini maneno matamu kuliko utafiti. Pingamizi hili lina heshima yake, kwa kuwa tumewahi kuwasikia wasemaji hodari wasio na kitu. Lakini tiba iliyopendekezwa hapa inawabana hao kwanza. Anayetakiwa kulitaja tokeo lake katika dakika ya kwanza, kwa sentensi moja yenye mtenda na kipimo, hana pa kujificha ikiwa tokeo halipo.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba wasilisho dhaifu ni tasnifu iliyovaa vazi la slaidi, na kwamba ushauri wa jumla wa kupunguza maneno haufai kuchukuliwa bila kuupima na hadhira ya lugha nyingi. Kutokana na hayo, yanapendekezwa yafuatayo.

Mtafiti alitaje tokeo kuu kabla ya nadharia na mbinu, na azieleze mbinu kwa kadiri tu zinavyohitajika ili tokeo liaminike. Kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi inayodai jambo. “Matokeo” si dai. Atayarishe muhtasari wa kurasa 2 wa kugawiwa, ambamo marejeo, majedwali kamili na mihimili ya nadharia yatapata nafasi yao halali. Afanye mazoezi kwa sauti na saa mbele yake, mbele ya mtu asiye wa fani yake.

Waandaaji waziombe slaidi mapema na kuzirudisha zile ambazo lugha yake si lugha ya kikao. Salamu za itifaki zitolewe mara moja wakati wa ufunguzi. Mwenyekiti wa kikao azilinde dakika 5 za maswali, kwa kuwa ndizo pekee ambazo msemaji hawezi kuzisoma, na ndimo hadhira inapogundua iwapo alielewa alichokitafiti.

Vyuo vikuu viutahini uzungumzaji kama vinavyoutahini uandishi, na visingoje siku ya utetezi. Washauri wa sera nao wana wajibu: wamuulize kila mtoa mada, mbele ya watu wote, ni uamuzi gani ungebadilika iwapo matokeo yake ni sahihi. Swali hilo likizoeleka, mawasilisho yatajirekebisha haraka zaidi kuliko mwongozo wowote ungeweza kuyarekebisha, kwa kuwa hakuna atakayetaka kupanda jukwaani bila jibu lake.